Kabla ya Kisu, Litazamwe Ini

Mtoto wa mfugaji katika Iramba au Manyoni, mkoani Singida, akishikwa na maumivu makali ya tumbo upande wa kulia, homa ikampanda na tumbo likakaza hata haguswi, aghalabu wazee wa nyumbani husema ni mchango, wakamchanja. Na akifikishwa hospitali, tabibu humdhania kidole tumbo, wala hatumlaumu, kwani kidole tumbo kikicheleweshwa huua. Walakini yako maradhi ya ini yafananayo nacho mno.

Amiba, iingiayo kwa maji machafu, huweza kutoka utumbo mpana ikafika kwenye ini na kufanya jipu, ambalo mara nyingi hupona kwa metronidazoli pasipo kisu, ila likipasuka. Minyoo mikubwa nayo hupenya katika mifereji ya nyongo. La kuhadhari zaidi ni tegu wa mbwa, ambaye mayai yake, yakimezwa na mtoto, hufanya kifuko cha maji kikuacho polepole kwa miaka, naye akicheza bila ya dalili, hata siku kitakapovuja. Mpasuaji akikichoma pasipo kukitambua, maji yakamwagika tumboni, huenda mtoto akazimia papo hapo kwa mwili kuyakataa. Na akinusurika, mbegu zilizomo huweza kumea vifuko vipya.

Haya si ngano. Huko kaskazini-magharibi ya Turkana, Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 1982 ulikuta wagonjwa wa tegu huyo kiasi cha 200 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Wamasai wa kaskazini ya Tanzania wamethibitika kuwa nayo maradhi hayo. Nasi Singida tunao mbwa na mifugo, na matumbo ya mnyama aliyechinjwa bado tunawatupia mbwa mabichi, nako ndiko wampatako tegu huyo.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba halmashauri zetu, zinunuapo ultrasaundi kwa ajili ya wajawazito (jambo jema), zimsomeshe na mtu wa kulitazama ini la mtoto, kwani mashine isiyo na msomaji ni pambo. Tumbo lililokwisha kupasuka ndani halingoji picha. Lisilopasuka lina nafasi ya kutazamwa.

Nanyi wazazi, msingoje kuulizwa: mwelezeni tabibu kama mtoto hucheza na mbwa, hunywa maji ya lambo, au aliharisha damu majuma yaliyopita, na matumbo ya mbuzi yafukieni.