Mzoefu Afunguliwe Njia

Msafiri ashukaye kutoka milima ya Tukuyu kwenda Kyela huikuta nchi tambarare yenye mpunga, migomba na mikakao, mpaka afike Itungi na Matema, ambako Ziwa Nyasa laanzia. Nchi hiyo si maskini. Mchele wake wasifiwa hata Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania hutoka huko. Mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilipita dola 10,000 kwa tani moja.

Lakini utajiri wa mti ni jambo moja, na utajiri wa mkulima ni jambo jingine. Kati ya hayo mawili ipo kazi: kakao kuvundikwa siku 5 hadi 7, kukaushwa vema, kupimwa kwa mizani ya haki, kuandikwa vitabuni, kisha kuuzwa mnadani. Mizani ikipotoka au kitabu kikichafuka, mkulima hupunjwa hata kama bei iko juu.

Watu wa kazi hizo tunao. Wapo wahasibu, mafundi na wauguzi waliotumikia miaka 15 au 20 mijini, na miongoni mwao wamo wenye hamu ya kuwatumikia wakulima. Basi, mbona hawaendi? Wako wasemao kwamba wamelewa raha za mjini. Lawama hiyo si ya haki. Mtu wa miaka 45 ana watoto shuleni, ana deni, na ana akiba ya uzeeni. Haifai kumwambia avuke mto usio na daraja, kisha tumwite mwoga.

Mwaka 1955 Mwalimu Nyerere alitakiwa achague kati ya ualimu wa Pugu na siasa, akauacha mshahara wake. Oscar Kambona, mzaliwa wa kando ya ziwa hilihili upande wa Mbamba Bay, naye aliuacha ualimu akawa Katibu wa TANU. Twawaheshimu. Lakini taifa haliwezi kuendeshwa kwa kungoja kila mfanyakazi awe shujaa.

Wala amri haitoshi. Mwaka 1972, katika mpango wa Madaraka Mikoani, maofisa wengi walitolewa Dar es Salaam wakapelekwa mikoani na wilayani. Nia ilikuwa njema. Lakini halmashauri za wananchi zilivunjwa, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa. Mwaka 1984 Mwalimu mwenyewe alikiri kwamba hayo yalikuwa makosa. Ujuzi ukishuka kama amri, humnyamazisha yule uliyekuja kumsaidia.

Kwa hiyo twashauri mambo matatu. Kwanza, chama cha ushirika chenyewe kiseme kinahitaji mtu gani, kitangaze nafasi hiyo hadharani na kutaja mshahara wake bila kuficha. Pili, mwajiri amruhusu mfanyakazi kwenda kuijaribu kazi hiyo kwa mwaka mmoja, na nafasi yake ilindwe. Michango yake ya uzeeni isikatike, na chama cha wafanyakazi kisimame naye katika jambo hili. Tatu, huyo ajaye akubali kuwa mwanafunzi kwa msimu mzima kabla hajapewa kiti cha mkubwa. Mhasibu wa mjini ajua hesabu, lakini hajui kakao mbichi hupungua uzito kiasi gani ikishakauka. Mkulima wa Ipinda ajua, na asiyejua hilo hawezi kumtambua mwizi wa mizani.

Aidha, tusimsahau kijana karani aliyeshika kalamu ya chama kwa ujira mdogo. Mzoefu asije kumnyang'anya kazi. Aje amfundishe, na siku atakapoondoka aache nyuma yake karani hodari na vitabu safi. Hicho ndicho kipimo cha utumishi wake, wala si cheo alichokuwa nacho mjini.

Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni wajibu wa waajiri, vyama vya wafanyakazi na vyama vya ushirika kuufungua mlango ili mgeni huyo aingie. Kisha mwenyeji na aulizwe, msimu kwa msimu, kama kweli amepona.