Saa si Umbali

Muulize mtu yeyote umbali wa kutoka Nairobi hadi New York, naye atakujibu pasipo kusita, "Saa kumi na tano." Jibu hilo hupokewa kila mahali, hata darasani, wala hapana anayetambua kwamba swali halikujibiwa. Aliulizwa urefu wa njia, naye akataja muda. Mimi nalikataa jibu hilo.

Safari ya ndege isiyotua njiani baina ya miji hiyo ilianzishwa na Kenya Airways mwezi wa Oktoba, 2018. Kwenda huchukua kama saa 15. Kurudi, kama saa 14. Je, tuseme basi kwamba New York ni mbali kwa aendaye, na karibu kwa arudiye? Umbali ni ule ule, yapata kilomita 11,800. Kinacholeta tofauti ni upepo, maana katika anga za juu kaskazini ya tropiki pepo kali huvuma kutoka magharibi. Aendaye Marekani hupambana nazo, na arudiye husukumwa nazo. Wapo wajuzi wa barazani wasemao ati dunia huzunguka kuelekea mashariki, kwa hiyo mji wa New York wenyewe humjia msafiri aliye hewani. Ingekuwa hivyo, kwenda kungekuwa kwepesi kuliko kurudi! Wamesahau kwamba hewa nayo huzunguka pamoja na dunia.

Na hizo saa zenyewe, wangapi wajuao kuzihesabu? Tuseme ndege imeondoka Nairobi mwezi wa Januari saa tano za usiku, ikafika New York saa kumi na mbili asubuhi kwa saa za huko. Mwanafunzi hutoa upesi, akapata saa saba. Zile saa nane ambazo New York iko nyuma yetu amezitupa baharini.

Lakini sitawalaumu vijana peke yao. Miaka michache iliyopita mimi mwenyewe nilitundika ukutani ramani ya mtindo wa Mercator, nikaweka rula, nikachora mstari ulionyoka, ukapita juu ya Nigeria na kutokea pwani ya Mauritania. Nikawaambia wanafunzi kwamba hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote. Nilikosea, tena kwa sauti kubwa. Baadaye niliazima tufe la dunia, nikavuta uzi baina ya miji hiyo miwili mbele ya darasa lile lile. Uzi ulipanda kaskazini, ukavuka Sahara, ukapita karibu na Marrakech katika nchi ya Moroko, ndipo ukaingia bahari ya Atlantiki. Njia ya rula ni ndefu kuliko ya uzi kwa kilomita zaidi ya 300, masafa yanayoshinda yale ya Nairobi na Kisumu kwa ndege. Mwenye kukariri "saa kumi na tano" hawezi kugundua lolote la namna hii, kwani katika jibu lake hamna njia ya kuchunguza.

Siku hiyo kijana mmoja wa dawati la nyuma alinyosha mkono, akasema, "Mwalimu, uzi wako umelegea." Nikamwita mbele aupime mwenyewe. Naam, ulikuwa umelegea.