Himaya Iliyopigana Bila Kutangaza Vita

Kila alfajiri wakazi wengi wa Uthiru hupanda matatu kwenda mjini kupitia Waiyaki Way. Jina la barabara hiyo ni la mtu aliyetekwa huko huko kwao, akafungwa na kupelekwa pwani, akafa kabla hajafika. Hapana tangazo la vita lililowahi kusomwa mbele ya watu wake. Yafaa kila Mkenya alizingatie jambo hilo, na hasa kijana, kwa kuwa Waingereza walikuja kulirudia hapa nchini mara nyingi.

Oktoba 1890 Frederick Lugard alifika Dagoretti, si mbali na Uthiru, akiitumikia Imperial British East Africa Company. Mwaka 1888 kampuni hiyo ilikuwa imepewa hati ya Malkia Victoria ya kufanya biashara na kutawala katika nchi ambayo Malkia mwenyewe hakuwahi kuiona. Lugard alikula kiapo cha amani na Waiyaki wa Hinga, akajenga boma, kisha akaendelea na safari yake ya Uganda. Alipoondoka, watu wa kampuni waliwapora majirani chakula na mifugo, na boma likaja kuchomwa moto. Badala ya kutafuta chanzo cha ugomvi, kampuni ilijenga ngome nyingine huko Kabete, Fort Smith. Agosti 1892 Waiyaki aligombana humo na afisa aitwaye William Purkiss, akajeruhiwa kichwani na kutiwa pingu. Alifia Kibwezi, njiani kuelekea pwani.

Misafara ya kuchoma vijiji na kuteka mifugo iliyofuata, ikiongozwa na Francis Hall wa Fort Smith, ilihesabiwa kuwa ni ya kuadhibu. Anayeadhibu hujifanya hakimu. Mwenye shamba aliyelitetea shamba lake akawa mkosaji hata kabla ya kushtakiwa, na mvamizi akawa ndiye mlinzi wa amani.

Isidhaniwe kwamba Waingereza hawakujua taratibu za kuanza vita. Agosti 1896, Khalid bin Barghash alipoingia katika jumba la Sultani wa Zanzibar bila ridhaa yao, walimpa onyo rasmi lenye siku na saa: ateremshe bendera na kutoka kabla ya saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Saa ilipopita, manowari zikafyatua mizinga, na kwa muda usiofika saa moja jumba likawa kifusi. Khalid alikuwa na jumba, bendera na konseli za mataifa mengine zilizokuwa zikitazama. Mkulima wa Kabete hakuwa na shahidi wa namna hiyo, basi hakupewa hata saa ya mwisho.

Vita vilipotangazwa rasmi, vilitangazwa London. Tarehe 4 Agosti 1914 Uingereza iliingia vitani na Ujerumani, na kwa tangazo hilo moja watu wa Kiambu na Kavirondo wakawa maadui wa Wajerumani waliokuwa ng'ambo ya pili ya Kilimanjaro, watu ambao hawakuwa na ugomvi nao. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa jeshi walikufa kwa njaa, homa na kuhara. Anayepita Kenyatta Avenue atawaona wanaume watatu wa shaba waliosimamishwa hapo kwa kumbukumbu yao. Asimame kidogo ajiulize ni nani kati ya wale aliyeulizwa kama anataka kupigana. Mwaka 1939 mambo yalikuwa yale yale. Huko India mwakilishi wa Mfalme aliiingiza nchi nzima vitani bila kushauriana na viongozi wake, na mawaziri wa chama cha Congress wakajiuzulu mikoani.

Lakini funzo kubwa ni la 1952. Gavana Evelyn Baring alifika Nairobi mwisho wa Septemba mwaka huo. Tarehe 7 Oktoba Chifu Mkuu Waruhiu wa Kung'u aliuawa kwa risasi ndani ya gari lake huko Gachie, mwendo mfupi kutoka Uthiru. Baring alimwomba Waziri wa Makoloni, Oliver Lyttelton, ruhusa ya kutangaza hali ya hatari dhidi ya Mau Mau, waasi wa siri waliodai ardhi na uhuru, naye Lyttelton akakubali. Jioni ya tarehe 20 Oktoba Gavana alitia sahihi yake. Usiku huo huo askari wa Lancashire Fusiliers waliteremshwa Nairobi kwa ndege kutoka Misri, na kabla ya mapambazuko Jomo Kenyatta na viongozi wengi walikuwa wamekamatwa. Majeshi yalikuwa njiani wino ukingali mbichi.

Vita havikutangazwa, ingawa vita vilikuwapo. Ndege za Lincoln zilidondosha mabomu katika msitu wa Aberdare. Tarehe 24 Aprili 1954 mji wa Nairobi ulizingirwa, mitaa ikapekuliwa nyumba kwa nyumba. Watu walipangwa foleni mbele ya gakunia, mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho, na akitikisa kichwa tu aliyesimama mbele yake alipelekwa kizuizini. Zaidi ya 20,000 waliishia huko, Manyani na Mackinnon Road. Mashambani, watu zaidi ya milioni moja walihamishiwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na kulindwa na homugadi, walinzi Waafrika wa serikali.

Kwa nini basi serikali haikusema wazi kwamba iko vitani? Kwa sababu mateka wa vita ana haki zake, na Mikataba ya Geneva ilikuwa imeandikwa tangu 1949. Mhalifu hana haki hizo. Chini ya kanuni za hali ya hatari, kukutwa na bastola au hata risasi kuliweza kumfikisha mtu kwenye kitanzi. Dedan Kimathi alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957 kwa kosa la kupatikana na bastola. Walionyongwa katika miaka hiyo ni zaidi ya elfu moja.

Sababu zilitafutwa baadaye. Mwaka 1954 daktari wa akili J. C. Carothers aliandikia serikali kijitabu kilichoeleza Mau Mau kama maradhi ya nafsi, na mwaka 1960 ripoti ya F. D. Corfield ikamtwika Kenyatta mzigo wa lawama. Ardhi iliyochukuliwa Kiambu na Limuru, ambayo wazee waliililia mbele ya Tume ya Carter miaka ishirini kabla, haikupewa uzito wake.

Yuko atakayesema kwamba damu ilimwagika pande zote, na ni kweli. Waliochomwa na Mau Mau huko Lari Machi 1953 wengi wao walikuwa wanawake na watoto wa Kiafrika. Lakini ni serikali inayodai kushika sheria ndiyo inayopaswa kupimwa kwa sheria, na hii ilizificha hata karatasi zake: mafaili yaliyopelekwa Uingereza kwa siri yalifichuliwa mwaka 2011 tu, wazee wa Mau Mau walipoishtaki serikali hiyo London. Juni 2013 Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa watu 5,228.

Wakenya wasiyasome haya kama habari za wazungu waliokwisha kuondoka. Kifungu cha 58 cha Katiba ya 2010 kinasema hali ya hatari haitazidi siku 14 bila thuluthi mbili za Bunge la Taifa kuiongeza, na kifungu kingine kinamzuia Rais kutangaza vita bila idhini ya Bunge. Vifungu hivyo ni matunda ya mateso ya 1952. Hata hivyo, tarehe 25 Juni 2024, siku waandamanaji walipoingia Bungeni, wanajeshi waliitwa mitaani kwa tangazo la Gazeti Rasmi la Serikali, na wabunge waliidhinisha kesho yake, jambo likiwa limekwisha kutendeka.

Kwa hiyo wakazi wa Uthiru, Kangemi na Kinoo, wakikutana na wabunge wao kanisani au kwenye baraza, wawaulize walipiga kura gani siku ile ya 26 Juni, na walisoma nini kabla ya kuipiga.