Pawa saplai ya pembeni: dawa au mbwembwe?

Ubishi huu hauishi kwa wapenzi wa muziki: eti priamplifaya yenye pawa saplai kwenye boksi lake la pembeni inatoa sauti nzuri zaidi? Naim ya Uingereza imeuza maboksi ya namna hiyo kwa miaka mingi, na bei yake si ya karanga. Mimi nasema inategemea unapiga nini.

Kama unapiga santuri, hoja ipo. Sindano ya kawaida inatoa kama milivolti 5 tu, nyingine hazifiki hata 1. Transfoma ikikaa jirani, sumaku yake inapenyeza mvumo wa hezi 50 za umeme wetu, nao unakuzwa pamoja na wimbo. Ukiisogeza umbali mara mbili, nguvu hiyo inashuka hadi kama moja ya nane. Hiyo ni fizikia jamani, si uchawi.

Lakini CD inatoa hadi volti 2. Hapo mvumo uleule haufui dafu. Transfoma nzuri ya duara, regyuleta safi na waya zilizopangwa kwa akili ndani ya boksi moja vinatosha kabisa.

Kabla hujatoa pesa, jaribu hivi: usipige wimbo wowote, ongeza sauti taratibu, sogeza sikio kwenye spika. Kuna mvumo? Kagua kwanza waya wa ethi. Kimya? Basi boksi la pili la nini? Nunua spika nzuri zaidi, tofauti utaisikia.

Au wewe mwenzangu unasemaje?