Kufunga, Kufungwa na Sare za Waumini

Ukisimama kando ya barabara mjini Lodwar Jumapili asubuhi, huna haja ya kuuliza nani anasali wapi. Mavazi yatakueleza: hawa wamejifunga vilemba vyeupe, wale wamevaa kanzu zenye misalaba kifuani, na akina mama wa Kianglikana wamo ndani ya sare yao. Huko Kakuma, ambako wakimbizi walianza kupokelewa mwaka 1992, mavazi hayo huambatana na lugha nyingi kiasi kwamba sisi wanaisimu hutamani kuhamia huko na madaftari yetu.

Mwalimu mmoja wa Kakuma aliniuliza swali ambalo bila shaka wenzake wengi wanajiuliza tangu yale ya Shakahola mwaka 2023. Je, waumini wanaovaa namna moja, wakaimba namna moja na kumtii kiongozi mmoja, si dalili ya hatari? Nilimjibu kwa kumkumbusha kwamba yeye mwenyewe, kila Jumatatu, huwapanga watoto mstarini wakiwa wamevaa namna moja, wakaimba wimbo mmoja na kumsikiliza mtu mmoja. Sare si kosa. Legio Maria na Wakorino wamevaa zao kwa miaka mingi na hakuna aliyechimbiwa kaburi msituni kwa sababu hiyo.

Hatari, kwa maoni yangu, huanzia mahali pengine, nako ni katika lugha.

Tuangalie Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda. Kundi lililoongozwa na Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde lilikuwa na sare pia, lakini lililonishangaza mimi si rangi za nguo. Waumini walizuiwa kuongea. Eti ili mtu asivunje amri ya kutomshuhudia jirani yake uongo, ilikuwa heri asiseme kabisa, awasiliane kwa ishara za mikono. Ebu fikiri, msomaji: mtu asiyeruhusiwa kuongea atamwuliza nani swali? Mume atamnong'oneza nini mkewe akiingiwa na shaka? Serikali iliifunga shule yao mwaka 1998, lakini kundi likaendelea. Tarehe 17 Machi 2000, miezi michache baada ya mwisho wa dunia uliotabiriwa kutotokea, mamia waliteketea ndani ya jengo lililofungwa.

Huko Shakahola, katika Kaunti ya Kilifi, ulimi haukufungwa, ila maneno yalibadilishwa. Paul Mackenzie, aliyeanzisha kanisa lake mwaka 2003, alihubiri kwamba shule na hospitali ni za shetani. Alishtakiwa mwaka 2017 na kukamatwa tena mwaka 2019, kisha akahamia msituni. Huko sehemu za makazi zikapewa majina ya Bethlehemu, Nazareti, Yudea, Galilaya. Kumpa mtu jina jipya la mahali ni kumhamisha bila gari. Aliyekuwa Kilifi jana, leo yumo ndani ya Biblia, na sheria za Kilifi hazimhusu tena. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Mackenzie alishtakiwa mwaka 2024 kwa mauaji ya watoto 191, mashtaka aliyoyakana.

Neno lililobeba mzigo mzito kuliko yote lilikuwa kufunga. Kiswahili chetu kimelipa kitenzi hiki kazi nyingi: twafunga mlango, twafunga mbuzi kamba, twamfunga mhalifu gerezani, na twafunga ili tusali. Katika maana hii ya mwisho, anayefunga ndiye mwenye uamuzi, naye hufungua jua likitua au siku zake zikiisha. Mtoto wa miaka minne aliyenyimwa uji hakufunga. Alifungwa. Tofauti ni kiambishi kimoja tu cha kutendwa, lakini ndani yake mna kosa zima la jinai.

Wasomaji wa Turkana wataliona jambo hili kwa uchungu wao wenyewe. Tangu mwishoni mwa 2020 hadi 2022 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo, mifugo ikafa, wazee wakalala njaa bila kuombwa na mhubiri yeyote. Hapana Mturkana anayehitaji kufafanuliwa njaa ni nini. Hata hivyo asijidhanie yuko mbali na msiba huu. Mwaka huo huo wa 2023 Waganda wapatao 80 kutoka upande wa Teso walikutwa Nyangatom, kusini mwa Ethiopia, jirani kabisa na Turkana, wakiwa wameaminishwa kwamba huko wangekutana na Yesu. Kiteso, Kiturkana na Kinyangatom ni lugha za ukoo mmoja, Ateker. Neno la nabii linaweza kuvuka mipaka mitatu hapa bila mkalimani.

Wapo wanaosema dawa ni serikali kusajili na kufungia makanisa. Kikosi kazi kilichoongozwa na Mchungaji Mutava Musyimi kilitoa ripoti yake mwaka 2024, nayo yafaa isomwe. Lakini mimi nina wasiwasi kidogo. Kundi la Kanungu lilikuwa limesajiliwa. Tena, serikali ya mkoloni iliipiga marufuku Dini ya Msambwa, na mwaka 1950 huko Kolloa, katika nchi ya Wapokot, Lukas Pkech na wafuasi wake walikabiliana na askari wenye bunduki, watu wengi wakauawa. Kibandiko cha dhehebu potovu hubandikwa na mwenye nguvu. Isitoshe, mwaka 2025 miili zaidi ya 30 ilifukuliwa Kwa Binzaro, Kilifi hiyo hiyo, macho ya taifa zima yakiwa yameelekezwa huko.

Kifungu cha 32 cha Katiba yetu kinalinda imani ya kila mtu, na pia kinakataza mtu kulazimishwa kutenda kinyume na imani yake. Kifungu cha 53 kinampa mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Hapo ndipo mwalimu anapoingia, kwa sababu yeye ndiye hugundua kwanza kwamba mtoto hayupo. Najua Turkana mtoto hukosa shule kwa sababu kadha wa kadha: mbuzi, kisima kilichokauka, familia iliyohama. Ndiyo maana ni rahisi kwa sababu nyingine kujificha nyuma ya hizi.

Mwalimu wangu wa Kakuma alikuwa na jambo ambalo hakulisema mwanzoni. Mwanafunzi wake mmoja alikuwa ameacha kuitikia jina lake, akidai ana jina jipya na la zamani ni la dunia. Nilimwambia majina ya ubatizo ni mengi na si ajabu. Ila aandike yote mawili katika daftari la mahudhurio, kisha aende nyumbani kwa mtoto kabla ya muhula kwisha, aone kama jikoni kunapikwa.