Tumeitetea Hijabu, Hatujaieleza



Sifa zote njema zinamstahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu, katika mihadhara yetu kuna mfano mmoja uliozoeleka mno. Mhadhiri husimama akasema: mwanamke ni kama dhahabu; kitu cha thamani hufunikwa, hakiachwi wazi barabarani. Wasikilizaji huitikia takbira, kisha kila mmoja hurudi nyumbani akidhani kuwa hijabu imekwisha kuelezwa.

Hebu mfano huo upelekwe Kerende, kule Tarime, katika vijiji vinavyouzunguka mgodi wa dhahabu wa North Mara. Watu wa huko wanaijua dhahabu kuliko mhadhiri. Wanajua kuwa huchimbuliwa, husagwa, hupimwa kwenye mizani na kuuzwa, na kwamba yenyewe haiulizwi inataka kwenda wapi. Ukimwambia mama wa Kikurya asiye Muislamu kuwa dini yako inamfananisha mwanamke na kitu hicho, umemthibitishia lile alilokuwa akilishuku tangu zamani: kwamba hijabu ni kifuniko cha mali ya mwanamume. Je, akiichukia hijabu baada ya hapo, alaumiwe yeye au sisi?

Tunasema wazi: huo si msingi wa hijabu. Katika Suratun-Nur, aya ya 31, wanaofikishiwa amri ya kujisitiri ni waumini wa kike, wenye akili na dhima, ambao kila mmoja atasimama mbele ya Mola wake kwa amali yake. Dhahabu haina nia wala hesabu Siku ya Kiyama. Mwanamke wa Kiislamu huvaa hijabu kama anavyoswali na kufunga: Mola wake amemwamrisha, naye ametii. Hekima nyinginezo, za heshima, haya na kutambulikana, huja baada ya hapo.

Na aya ya 30, inayotangulia hiyo, tumeiweka wapi? Humo wanaume waumini ndio wanaoanza kuamrishwa kuinamisha macho na kuhifadhi tupu zao. Tumesikia khutba ngapi juu ya ushungi wa binti, na ngapi juu ya jicho la kijana anayeshinda kijiweni akiwatolea maneno wapita njia? Jirani asiye Muislamu anatutazama. Hawezi kuamini kuwa hijabu ni sehemu ya mafundisho ya haya kwa watu wote, ilhali anaona wanaohimizwa kuwa na haya ni mabinti peke yao.

Wapo wanaosema kuwa hili ni vazi la Waarabu tu. Hao tuwajibu kwa upole. Wakazi wa Mara wamewaona masista wa Kikatoliki wakipita na vitambaa vyao vichwani, na hakuna anayewauliza ni Mwarabu gani aliyewavika. Makanisani humo sanamu ya Bikira Maria imefunikwa kichwa. Mama wa Kitanzania wa dini yoyote akienda msibani hujitanda khanga. Sitara si ngeni katika nchi hii. Wala sharia haikuamuru rangi nyeusi au mshono wa nchi fulani. Imetaka vazi lisitiri, lisibane wala lisionyeshe mwili. Khanga na kitenge vikitimiza masharti hayo, vinatosha.

Wapo pia wanaouliza: je, hawalazimishwi? Swali hili lisikemewe. Mwaka 2022 dunia ilisikia habari za Mahsa Amini, msichana aliyekamatwa mjini Tehran na polisi wa maadili kwa sababu ya mavazi, akafariki siku tatu baadaye. Upande wa pili, mwaka 2004 Ufaransa ilitunga sheria ya kupiga marufuku alama za dini zinazoonekana wazi katika shule za serikali, na mabinti wakalazimika kuvua mitandio yao getini. Askari anayevisha na sheria inayovua wamekutana mahali pamoja: kila mmoja amemfanya mwanamke kuwa dhahabu, kitu kinachoamuliwa na wengine.

Tujifunze pia kwa jirani zetu wa Kenya. Mwaka 2014, katika Shule ya Sekondari ya St. Paul's Kiwanjani, Isiolo, inayofadhiliwa na Kanisa la Methodisti, kiongozi wa kaunti aliomba hadharani, katika hafla ya shule, kwamba mabinti wa Kiislamu waruhusiwe kuvaa hijabu. Mgogoro ukazuka, kanisa likaenda mahakamani. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ililipa kanisa ushindi. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikawapa haki mabinti. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikatengua hukumu hiyo, ikitazama zaidi namna dai lilivyofikishwa mahakamani. Binti aliyekuwa kidato cha kwanza mgogoro ulipoanza alikuwa amekwisha kumaliza miaka yake minne ya sekondari.

Hatusemi haki isidaiwe. Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania inalinda uhuru wa dini, na anayeuvunja apingwe kwa mujibu wa sheria. Lakini hukumu hufungua geti la shule. Haifungui moyo wa mwalimu wala wa jirani. Kazi hiyo ni yetu, na tumeilalia.

Basi, enyi maimamu na wazazi, hasa mnaoishi mahali ambapo Waislamu ni wachache kama Kerende: mwendeeni mwalimu mkuu kabla muhula haujafunguliwa, si baada ya binti kufukuzwa. Waalikeni majirani, na wanaozungumza wawe wanawake wenyewe wanaovaa, kwani neno la mwenye kuvaa lina uzito kuliko la mwenye kumsemea. Katika madrasa, binti afundishwe sababu pamoja na vazi, ili akiulizwa njiani ajibu kwa ilimu. Na kijana wa kiume afundishwe aya ya 30 kabla hajaruhusiwa kumsomea dada yake aya ya 31.

Wabillahi tawfiq.