Somo la Kichocho Lisiishie Ubaoni

Mwalimu-mwanafunzi aendapo kwenye mazoezi ya kufundisha hulipenda somo la kichocho, kwa kuwa lina mchoro mzuri. Konokono huchorwa ubaoni, mishale hutoka kwa mtu hadi majini na kurudi, watoto hunakili, na mkufunzi hutoa alama za juu. Jioni watoto wale wale huenda kuoga katika bwawa lile lile.

Hapo ndipo fedha zinapopotea. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, huua minyoo iliyokwisha komaa mwilini. Haimkingi mtoto asiambukizwe tena. Vidonge vitahitajika upya, na mzazi naye atalipa nauli ya zahanati na kupoteza siku ya kulima. Ugonjwa ukiachwa miaka mingi huharibu kibofu, hata kuleta saratani, na wakati huo vidonge havitoshi tena.

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni 2 nchini Tanzania walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Wengi huisifu redio. Mimi naona nguvu ilikuwa katika vikundi kuulizana: sisi hapa tutafanya nini? Swali hilo silioni katika maandalio mengi ya masomo.

Sisemi kwamba elimu hupunguza gharama mara moja. Watoto wakielewa kuwa mkojo wenye damu ni ugonjwa, wala si dalili ya mvulana kukua kama inavyoaminiwa mahali pengine, zahanati itapata wagonjwa wengi zaidi muhula huo. Gharama hiyo tuikubali, maana kumtibu mtoto mapema ni nafuu kuliko kumpasua akiwa mtu mzima.

Basi mwalimu aanze na choo cha shule. Ikiwa mlango umevunjika na wasichana hujisitiri vichakani kando ya mto, hilo ndilo somo. Watoto wachore ramani ya kijiji, waonyeshe wanakooga, wanakofua na wanakojisaidia, na ramani hiyo ifikishwe mbele ya kamati ya shule. Asiwaingize majini kutafuta konokono, kwani humo ndimo wanamoambukizwa. Konokono atachorwa baadaye, nafasi ikibaki ubaoni.